Gesi Haiishi: Fundi wa AC na Fukuto la Mchafukoge

Dar es Salaam haina msimu wa kuwasha moto ndani ya nyumba. Makete na Njombe wana baridi yao ya Juni na Julai, Arusha wanavaa makoti, lakini hapa kata ya Mchafukoge shida ya kila mwaka ni moja tu, joto. Linaanza kupanda wakati wa vuli, linakolea Desemba kaskazi inapovuma, na ikifika Februari, masika bado hayajaanza, kipimajoto kinasoma nyuzi 32 au 33 mchana, na usiku ni shida kushuka chini ya 25. Ukitazama tarakimu hizo tu hutaona cha kutisha. Mtu wa Muscat mwenye ndugu zake Kariakoo atacheka, maana kwao kiangazi kinavuka 45. Lakini hapa hewa imeshiba unyevu wa bahari. Jasho halikauki, shuka linanata mwilini, na mtoto mchanga analia usiku kucha bila ugonjwa wowote.

Kwa hiyo simu ya dharura ya kata hii ina sura yake. Ni ya mwenye duka la dawa ambaye friji lake limenyamaza. Ni ya mama ambaye AC yake inamwaga maji kitandani. Ni ya mzee wa ghorofa ya nne ambaye pangaboi lake linazunguka kivivu kiasi kwamba anaweza kuyahesabu mapanga yake. Zinapigwa zaidi jioni, watu wakirudi nyumbani na kuwasha kila kitu kwa mpigo. "Fundi, fanya uje, AC haipozi." Na mafundi wengi, hata mashine hawajaiona, jibu wanalo mdomoni: "Gesi hiyo imeisha, mama. Andaa hela ya gesi."

Jibu hilo ndilo mazungumzo ya leo, kwa sababu limewatoa watu wengi hela bila kuwaondolea joto.

Gesi ya AC haiishi. Ile ya mtungi wa jikoni inaungua, ndiyo maana inakwisha. Hii ya kwenye kiyoyozi inazunguka ndani ya bomba la shaba lililofungwa pande zote. Kompresa inaikandamiza, inaingia kwenye boksi la nje ikiwa ya moto, feni inaipunguza joto mpaka inageuka kimiminika. Kisha inapita kwenye njia nyembamba sana, shinikizo linashuka ghafla, inachemka ndani ya koili ya chumbani, na katika kuchemka huko inanyonya joto la chumba. Halafu inarudi kwa kompresa kuanza upya. Mashine iliyofungwa vizuri inaweza kufanya kazi zaidi ya miaka kumi kwa gesi ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Ikipungua, imevuja. Mwenye AC anayejaziwa gesi kila Desemba ana tundu mahali fulani, na huenda anayemjazia analijua.

Ni kweli gesi huvuja, na mjini kwetu sababu hazikosekani: nati zilizokazwa kwa haraka, bomba lililokunjwa vibaya, chumvi ya baharini inayokula bati na shaba. Ila mashine inayosumbua ina mambo mengine matatu ya kuangalia kabla ya gesi, nayo ni umeme, hewa na maji. Na huwezi kuyaelewa hayo matatu hapa Mchafukoge bila kuyaelewa majengo yenyewe.

Kata hii imebanwa kati ya Kisutu na Kariakoo. Enzi za Mjerumani, na baadaye Mwingereza, mji uligawanywa kwa rangi za watu: Uzunguni kule baharini, Uhindini katikati, na ng'ambo ya uwanja wa wazi wa Mnazi Mmoja, Kariakoo ya Waafrika. Sehemu hii ilikuwa Uhindini, na ramani yake ya nyumba bado inasomeka: duka chini, familia juu, dari ndefu, kuta nene, roshani mbele na ua nyuma. Waliozijenga walikuwa wanautafuta upepo. Waya waliotandaza ukutani ulikuwa wa taa, redio na labda pangaboi sebuleni.

Mwaka 1971 serikali ikapitisha sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja, na mengi ya mitaa hii yakaangukia kwa Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 shughuli za Msajili zikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa mtu wa siasa hiyo ni historia ya Azimio la Arusha. Kwa fundi umeme ni jambo la kila siku: ukuta una mwenye nyumba mmoja, AC ina mwenyewe mwingine, na waya uliozikwa kati yao umepitia mikono ya wapangaji watano ambao kila mmoja aliongeza chake. Mpangaji akihama, anang'oa mashine yake na kuacha tundu la bomba. Anayeingia anatoboa lingine. Roshani nyingi zimezibwa zikawa vyumba, madirisha ya mbao yametolewa na kuwekwa vioo na nondo, na maghorofa mapya yameota kila upande. Chumba kilichokuwa kinapumua mwaka 1950, leo bila mashine hakilaliki.

Sasa pigia hesabu mzigo. AC ya BTU 12,000, ambayo ndiyo ya chumba cha kawaida, inakula takriban kilowati moja ikiwa kazini. Familia ina tatu. Bafuni kuna hita ya maji ya kilowati mbili au tatu, jikoni kuna friji na birika, na yote hayo yanategemea waya uliowekwa kwa ajili ya balbu. Ndiyo maana fundi makini akiingia kwenye flati kongwe anaanza kwa pua, kutafuta harufu ya plastiki inayoungua. Kisha anaangalia soketi. Ikiwa imegeuka rangi ya kahawia pembeni mwa matundu, tatizo limepatikana kabla begi halijafunguliwa. Kiyoyozi kinatakiwa kipewe njia yake kutoka meni swichi, waya wake mnene na breka yake, na kazi hiyo kisheria ni ya fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Kijana anayejua kujaza gesi si lazima awe anajua kutandaza waya, hata kama yeye mwenyewe anadhani anajua. Na soketi ikianza kutoa moshi, simu ya kwanza haiendi kwa fundi. Inakwenda 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, baada ya kuzima meni swichi.

Halafu kuna umeme mdogo. Mashine zetu zimetengenezwa kwa volti 230. Jioni, mtaa mzima ukiwa umewasha, volti zinaweza kushuka mpaka taa ikabadilika rangi. Taa inavumilia. Kompresa haivumilii: inajaribu kuanza, inashindwa, inavuta ampea nyingi kuliko uwezo wake, inachemka, inajizima. Baada ya dakika kadhaa inajaribu tena. Mchezo huo ukiendelea unaweza kuunguza waya wa ndani ya kompresa, na hapo hata mtungi mzima wa gesi hauna msaada. Balaa lingine ni umeme unaokatika na kurudi baada ya sekunde kumi. Gesi ndani bado imebanwa upande mmoja, na kompresa ikiambiwa iondoke wakati huo inasukuma ukuta. Inahitaji dakika tatu hadi tano za kupumzika ili shinikizo lisawazike. Vile vifaa vya kuchomeka kati ya soketi na friji, vinavyochelewesha umeme na kuukata ukiwa mdogo au mkubwa mno, kazi yao ni hiyo tu, na ni miongoni mwa vitu vichache vya Kariakoo ambavyo bei yake hailalamikiwi na aliyewahi kununua kompresa.

Tuseme fundi amefika kwa bibi mmoja wa ghorofa ya tatu. Ni mfano tu, lakini fundi yeyote wa mjini atautambua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pole na ngazi. Wenzio wawili washakuja, wote wanasema gesi."

"Tutaona, bibi. Inapoza kidogo kisha inaacha, au haipozi kabisa?"

"Inapoza. Dakika tano hivi. Halafu inakuwa inapuliza tu."

Swali hilo moja lina thamani kuliko vifaa vyote vilivyo begani. Mashine iliyovuja gesi haipozi vizuri toka mwanzo mpaka mwisho, na mara nyingi bomba lake jembamba pale boksi la nje linaota barafu. Inayopoza dakika tano kisha ikaacha inajizima yenyewe kwa sababu inachemka. Fundi anainua mfuniko wa boksi la ndani na kutoa filta. Vumbi la mtaani limechanganyika na mafuta ya kukaangia mpaka mwanga haupenyi. Anaipeleka bafuni, maji yanayotoka ni meusi. Hewa isipopita hapo, koili inaganda, na mwenye nyumba akiona barafu ndani ya AC anafurahi akidhani mashine ina nguvu.

Kisha anakwenda dirishani. Boksi la nje limening'inizwa ng'ambo ya nondo, juu ya vyuma vilivyoshika kutu. Kompresa inanguruma, lakini feni imesimama. Anapitisha kijiti chembamba kwenye wavu, analisukuma panga moja, nayo feni inaanza kuzunguka, kwanza kwa kusitasita, kisha kwa kasi. Anazima kila kitu. "Kapasita," anasema, na bibi hana sababu ya kujua ni kitu gani. Ni kopo dogo linaloipa mota ya feni msukumo wa kuanza. Lililoandikwa mikrofaradi 2, mita inasoma chini ya 1. Kabla ya kulipima analiunganisha miguu kwa kipande cha waya chenye kizuizi, maana kapasita huweza kubaki na umeme hata mashine ikiwa imezimwa, na wapo mafundi waliorushwa nao wakiwa wamekaa juu ya kizingiti cha dirisha.

Kifaa chenyewe ni cha bei ndogo mno, na kaka yake ndiye anayelifanya pangaboi la yule mzee wa ghorofa ya nne lizunguke kivivu. Watu wamenunua feni mpya, wengine wamebadili AC nzima, kwa sababu ya kikopo kinachoenea kiganjani.

Maji nayo yana kesi yake. AC inapopoza hewa ya Dar inakamua unyevu, lita nyingi kwa usiku mmoja, na maji hayo yanatoka kwa kijibomba cha plastiki. Vumbi na utelezi vikikiziba, yanarudi chumbani na kudondoka kitandani. Dawa yake ni kupuliza na kuosha, kazi ya dakika chache. Upande wa pili wa kijibomba hicho kuna mpita njia wa Mtaa wa Jamhuri anayedondokewa utosini, au jirani wa chini ambaye ukuta wake umeota ukungu. Ugomvi mwingi wa ngazi za majengo haya umeanzia kwenye tone la AC, na mwenyekiti wa mtaa anasuluhisha kitu ambacho mita moja ya bomba ingekisuluhisha.

Turudi kwenye gesi, kwa sababu siku nyingine kweli imevuja. Hapo fundi wa kweli anaonekana kwa anachokifanya kabla ya kujaza. Anatafuta tundu, kwa povu la sabuni kwenye kila nati na kila kiungo. Akishaziba, analijaribu bomba kwa naitrojeni. Kuna mafundi wanaotumia oksijeni kwa sababu ipo kwa wachomeleaji na ni rahisi kupatikana. Hao wanacheza na kifo, kwani oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka. Baada ya hapo anavuta hewa na unyevu wote kwa pampu, si chini ya robo saa. Mwisho anajaza kwa kupima uzito kwenye mizani, kulingana na kibandiko kilichobandikwa kwenye boksi. Anayejaza kwa kushika bomba na kusema "tayari, limekuwa la baridi" anabahatisha.

Gesi zenyewe si moja. AC za zamani zina R22, ambayo inatoboa tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 unaiondoa sokoni hatua kwa hatua: kwa nchi zinazoendelea, Tanzania ikiwamo, gesi za kundi hilo zilitakiwa zipungue kwa asilimia 35 mwaka 2020 na asilimia 67.5 mwaka 2025. Ndiyo maana R22 inazidi kuadimika, na kuitegemea kwa kujaza kila mwaka ni kujifunga kamba. R410A iliyofuata haigusi ozoni, lakini ikiachwa hewani kilo moja yake inapasha dunia joto takriban mara 2,000 ya kilo moja ya hewa ukaa, na makubaliano ya Kigali ya Oktoba 2016 yanaibana nayo. AC mpya nyingi zina R32, na friji mpya R600a. Hizi mbili zinashika moto. R32 inawaka kwa shida, R600a inawaka kirahisi kama gesi ya kupikia. Fundi aliyezoea kuchomelea bomba la friji la zamani huku sigara iko mdomoni anahitaji kujifunza upya.

Gesi ya kughushi nayo ipo duniani, na imeshaua. Mwaka 2011 makontena ya majokofu yaliyokuwa yamehudumiwa Vietnam yalianza kulipuka bandarini, watu watatu wakafa. Ndani ya mtungi ulioandikwa R134a palikuwa na kemikali nyingine, methili kloridi, ambayo ikikutana na aluminiamu ya kompresa inatengeneza kitu kinachowaka mara kinapogusa hewa. Mtungi wa bei ya kushangaza unastahili kushangaliwa.

Mafunzo ya kazi hii yapo. VETA inafundisha ufundi wa majokofu na viyoyozi, na kwa wale waliojifunza mtaani kwa kumshikia fundi spana upo utaratibu wa kurasimisha ujuzi: unapimwa, unapewa cheti. Fundi mwenye cheti anaweza kuwa na uvivu wake vilevile. Lakini angalau mteja ana cha kumuuliza.

Gharama ya kupoa inaanzia kwenye LUKU. Kwa bei ya matumizi ya kawaida, shilingi 10,000 inakupa yuniti 28 hivi, yaani yuniti moja ni karibu shilingi 356 pamoja na kodi na tozo. AC inayokula yuniti moja kwa saa, kwa usiku wa saa nane, ni zaidi ya shilingi 2,800. Pangaboi kwa saa hizo hizo halifiki shilingi 250. Mashine yenye filta chafu au gesi pungufu haizimi inapotakiwa kuzima, inahangaika usiku kucha, na mwenye nyumba anagundua asubuhi kwenye mita kabla hajagundua chumbani.

Wapo waliolijibu joto hili bila kompresa. Soko kuu la Kariakoo, lililokamilika mwaka 1975, lilichorwa na Beda Amuli, Mtanzania aliyesomea usanifu Haifa, Israel. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa, inayokusanya maji ya mvua, imeinuliwa juu ili upepo upite chini yake na joto la maelfu ya watu litoke. Soko liliungua usiku wa Julai 10, 2021, likakarabatiwa, na miavuli bado iko. Kuna jambo la kusikitisha kidogo kusimama chini yake kisha kutazama vioo vya maghorofa yaliyolizunguka, kila dirisha limefungwa na boksi lake linatema joto nje, kwa jirani.

Na umeme ukikatika kabisa? Kizazi cha Mchafukoge kilichopitia mgao wa mwaka 2006, wa 2011, na ule wa mwishoni mwa 2023 mpaka mwanzoni mwa 2024, kinajua ngoma hiyo. Bwawa la Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha Februari 2024 na limepunguza makali. Ila umeme mwingi bwawani haubadilishi waya uliochoka ukutani, wala transfoma ya mtaa iliyozidiwa. Wazanzibari wana somo kubwa zaidi. Mei 2008 walikaa gizani karibu mwezi mzima hitilafu ilipoikumba njia ya umeme unaotoka bara kupitia chini ya bahari, kisha Desemba 2009 ikawa tena, miezi mitatu. Samaki waliharibika, pampu za maji zilisimama, na sauti ya jenereta ikawa ndiyo sauti ya Mji Mkongwe.

Jenereta ndiyo inayoleta Dar hatari ambayo kwa kawaida ni ya mikoa ya baridi. Kule Makete, mtu anaingiza jiko la mkaa chumbani, anafunga dirisha ili apate joto, na kaboni monoksaidi isiyo na harufu inammaliza usingizini. Hapa mjini mtu anaweka jenereta kwenye korido au roshani iliyozibwa, kwa kuogopa wezi, ili AC imfae usiku. Gesi ni ile ile. Jenereta inakaa nje kabisa, mbali na dirisha la mtu, hata kama ni la jirani msiyeelewana.

Joto lenyewe linaua wazee kwanza. Julai 1995, Chicago, Marekani, siku chache za joto kali ziliua zaidi ya watu 700, wengi wao wazee walioishi peke yao. Mwanasosholojia Eric Klinenberg alilinganisha vitongoji viwili vilivyopakana, vyote vya watu wa kipato kidogo, North Lawndale na South Lawndale. Kile chenye maduka wazi, watu barabarani na majirani wanaojuana kilikuwa na vifo vichache zaidi kwa mbali. Mchafukoge ina barabara za namna hiyo, haina upungufu wa watu wa kusalimiana. Ina pia wazee ambao watoto wao wako Toronto na Leicester, wanaopiga simu za video kila jioni bila kujua kwamba pangaboi la sebuleni limesimama.

Fundi mwenye akili hatoki nje ya dirisha la ghorofa ya tatu saa nne usiku, na asilazimishwe. Kwa hiyo dharura nyingi zinangoja asubuhi, na kazi ya usiku huo ni ya wenye nyumba. Friza lililojaa, mlango ukiachwa umefungwa, linahifadhi ubaridi takriban saa 48. Lililojaa nusu, saa 24. Friji la kawaida, saa nne tu. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8, kwa hiyo ipelekwe kwa jirani mwenye friji linalofanya kazi, au kwenye boksi la barafu ikiwa imefungwa kitambaa isigande. Mtungi wa udongo uliolowekwa, unaosaidia sana Dodoma kwenye hewa kavu, hapa pwani unasaidia kidogo tu. Mzee na mtoto wahamishiwe chumba chenye madirisha pande mbili, kitambaa cha maji shingoni na kwapani, maji ya kunywa karibu.

Kabla ya kulala, mwenye mashine apige picha kibandiko cha boksi la nje, kile chenye aina ya gesi, uzito wake na ampea, na amtumie fundi kwa WhatsApp. Amwandikie pia mashine inafanya nini hasa: inapoza kisha inaacha, inanguruma bila feni, inatoa maji, au haiwaki kabisa. Maduka ya vipuri Kariakoo yakifunguliwa asubuhi, fundi anaingia akiwa na namba kamili mkononi, na kapasita anainunua kabla ya kupanda ngazi.